Redio Ikipunguzwa, Besi Inakwenda Wapi?

Barua nyingi za safari hii zimebeba kilio kimoja: redio inanoga mchana, lakini usiku ikipunguzwa inageuka ya kopo. Tumechagua sita. Majibu hayakulingana urefu kwa sababu na maradhi yenyewe hayalingani. Lingine hupona kwa kusogeza kiti, lingine linataka rezista nne (vipande vidogo vya kubana umeme) na mkono usiotetemeka.

Wati 50 hazitoshi usiku?

*Shikamooni mafundi. Nina amplifaya ya wati 50 kila upande na spika mbili za mezani zenye wufa (spika ya besi) ya inchi 5. Mchana muziki uko sawa kabisa. Usiku watoto wakilala napunguza, na hapo besi inapotea, anabaki mwimbaji na matoazi. Muuzaji ananiambia nichukue amplifaya ya wati 150. Nimeweka akiba laki nne. Ninunue?* (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba. Usinunue, walau si kwa sababu hiyo. Tupige hesabu kwanza. Spika ya mezani ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 86 hivi kwa aliyekaa mita 1 mbele yake. Ukikaa mita 2, spika zote mbili zikilia, unapata kama 83 kabla kuta hazijachangia chochote. Usiku, watoto wamelala, mtu husikiliza kwenye desibeli 60 na kidogo. Hizo ni pungufu ya 20, na kila desibeli 10 unazoshuka zinagawanya wati kwa 10. Kwa hiyo saa tano usiku amplifaya yako inatoa mia moja ya wati. Wati 150 zitakuongezea nafasi huko juu, ambako usiku hufiki. Huku chini hazikuongezei hata punje.

Kinachobadilika ni sikio. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti za kati sikio linazishika hata zikiwa hafifu, lakini sauti nene linaziachia mapema. Vipimo hivyo vimerudiwa na wengine mara kadhaa na leo viko katika kiwango cha kimataifa cha ISO 226. Maana yake sebuleni ni hii: ukishusha muziki wote kutoka desibeli 80 hadi 60, besi ya hezi 63 (mitikisiko 63 kwa sekunde) sikio linaiona kama imeshuka desibeli 7 au 8 zaidi ya mwimbaji. Ukishuka hadi 40, pengo linafika 15. Redio haina kosa. Besi ipo, sikio ndilo limefunga duka.

Basi dawa ni mbili: kusogea, na kurudisha kile sikio linachokata.

Anza na kusogea, maana ni bure. Ukitoka mita 3 na kukaa mita 1.3 kutoka kwenye spika, unajiongezea desibeli 4 au 5 chumbani, pengine zaidi, na jirani hakuongezewa kitu kwa sababu yeye hakusogea. Watu wengi wakiambiwa wasikilize polepole hukimbilia nobu na kusahau kiti. Panga spika na kichwa chako viwe pembe tatu sawa: kama kati ya spika na spika ni mita 1.3, kutoka kila spika hadi sikioni iwe hivyo hivyo. Twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio. Spika iliyo juu ya kabati ikipigia dari, ile nguo ya juu ya muziki (matoazi, kayamba, pumzi ya mwimbaji) inakupita juu ya utosi.

Kisha zirudishe spika ukutani. Wenye redio kubwa huambiwa waziweke mbali na ukuta, na kwa sauti kubwa ni kweli. Kwa sauti ya chini ukuta ni rafiki: spika iliyo sentimita 15 hadi 20 kutoka ukuta wa nyuma hupata nyongeza ya besi, hadi kama desibeli 6 kwa zile sauti nene kabisa, bila amplifaya kuhangaika. Dalili ya kuzidisha ni sauti ya mtangazaji kuwa kama anaongea ndani ya pipa. Hapo itoe mbele sentimita 5 kwa 5 mpaka pipa liondoke. Kama spika ina tundu la hewa kwa nyuma, acha angalau upana wa kiganja kati ya tundu na ukuta. Usiziegemeze kwenye ukuta mnaochangia na jirani. Nyumba nyingi za kupanga ukuta unaishia kwenye silingibodi, na besi inapita juu ya dari kama mwizi. Chini ya kila spika weka vipande vinne vya ndara kuukuu, sentimita 3 kwa 3; meza itaacha kutetemeka na chumba cha pili kitapumzika.

Sasa nobu za toni. Kwa kushuka kwako kwa desibeli 20, ongeza besi 6 hadi 8. Kwenye amplifaya nyingi nobu ya BASS ikifika mwisho inakaribia 10, kwa hiyo unazungumzia robo tatu ya safari yake. Trebo ongeza 2 tu. Usiogope kwamba unaichosha mashine: mia moja ya wati ikiongezwa desibeli 8 haifiki hata kumi moja ya wati. Hatari iko siku ya pili, mchana, mgeni anapokuja na kupandisha volyumu huku BASS ikiwa bado pale. Wati 20 zikidaiwa desibeli 8 za ziada zinakuwa 126. Amplifaya yako ya 50 haina, inakata vichwa vya mawimbi, na anayeungua ni twita. Kwa hiyo jiwekee kawaida: asubuhi BASS inarudi katikati.

Ukitumia ikwalaiza ya simu badala ya nobu, inua vitelezi vya kati ya hezi 80 na 125, si vile vya 30. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne unalia hezi 41, na wufa ya inchi 5 haiutoi huo. Unachosikia ni mlio wake wa mara mbili, wa 82, na sikio linajijazia lililobaki. Ukiinua 30 unaifanya wufa ipepee bila faida. Na kila ukiinua kitelezi kwa 6, shusha kile cha jumla kwa 6 hiyo hiyo, la sivyo simu yenyewe ndiyo itakayopasua sauti kabla haijafika kwenye waya.

Je, akiba? Kama lazima itumike, ongeza kidogo kidogo utafute amplifaya yenye nobu ya LOUDNESS inayozunguka, kama Yamaha A-S301 na ndugu zake, si lazima mpya. Hiyo ilitengenezwa kwa kazi hii hii, ila wengi wanaitumia kinyume. Weka LOUDNESS kwenye FLAT, pandisha volyumu hadi kiwango cha juu kabisa unachosikilizaga mchana, halafu volyumu usiiguse tena: punguza kwa nobu ya LOUDNESS. Inashusha sauti za kati na kuziacha zile za pembeni, kadiri sikio linavyotaka. Kile kitufe cha LOUDNESS cha kubonyeza kwenye redio za zamani ni cha kubahatisha kidogo, kwa sababu mara nyingi kinaongozwa na mahali nobu ya volyumu ilipo. Hakijui sauti iko kiasi gani chumbani. Chanzo kikiwa na nguvu sana nobu inabaki chini, nacho kinamwaga besi kupita kiasi.

Upande wa kushoto unazimika kwanza

*Habari zenu. Redio yangu nikiiweka chini kabisa, kushoto kunanyamaza na kulia kunaendelea. Nikipandisha kidogo zinakuwa sawa, lakini hapo tayari ni kelele na mtoto anaamka. Fundi wa mtaani amesema amplifaya imekufa upande mmoja. Natumia kicheza CD na simu.* (Msomaji, Kisauni, Mombasa)

Dada, upande uliokufa haufufuki nobu ikipanda. Amplifaya yako ni nzima. Tatizo ni nobu yenyewe, na pengine si bovu bali ndivyo ilivyozaliwa.

Ndani ya nobu ya volyumu mna njia mbili za kaboni, moja ya kila upande, na vijiti viwili vinavyoteleza pamoja. Kiwandani haiwezekani njia hizo zifanane kabisa, na tofauti ya desibeli 2 au 3 inaruhusiwa. Mwanzoni mwa mzunguko ndipo tofauti inapokuwa kubwa zaidi, na wewe ndipo unapoishi.

Kwa nini unaishi pale? Kwa sababu kicheza CD hutoa volti 2, wakati amplifaya nyingi zinafika nguvu zake zote kwa milivolti 200 tu. Unaingiza umeme mara 10 ya unaohitajika, yaani desibeli 20 za bure ambazo nobu inalazimika kuzibana. Ukifikiria nobu kama saa ya ukutani, ikianzia kwenye namba 7, wewe unasikilizia kabla ya 8.

Thibitisha kwanza. Badilisha waya za RCA (zile zinazoleta muziki kutoka kwenye chanzo), wa kushoto uchomeke kulia. Upande dhaifu ukihama, kosa ni la chanzo au waya. Usipohama, hamisha spika, ya kushoto iende kulia. Ukiwa umebaki palepale kwenye amplifaya, zungusha nobu polepole: ikikwaruza, na upande uliokufa unarudi ukiitikisa, ni vumbi na kutu ya pwani. Chomoa plagi ukutani, nunua dawa ya kopo ya kusafishia potenshiomita, yaani hicho kifaa kilicho nyuma ya nobu (iandikwe hivyo, mafuta ya bawaba za mlango yanakusanya vumbi na kuharibu kaboni), puliza kidogo kwenye uwazi wa potenshiomita, zungusha mwanzo hadi mwisho mara 30, ngoja nusu saa. Kama haikwaruzi na upande unazimika mahali palepale kila siku, hakuna dawa ya kopo itakayosaidia.

Kwa simu tiba ni rahisi: punguza volyumu ya simu hadi nusu, na nobu ya amplifaya itapanda hadi 9 au 10, ambako njia mbili zinalingana. Kwa kicheza CD tengeneza kipunguzi. Unahitaji rezista nne za robo wati, asilimia 1: mbili za kilo-omu 6.8 (mistari ya buluu, kijivu, nyeusi, kahawia, kahawia) na mbili za kilo-omu 3.3 (chungwa, chungwa, nyeusi, kahawia, kahawia). Duka lolote la vipuri vya elektroniki watakuuzia kwa bei ya maandazi.

Kwa kila waya, fungua plagi ya RCA ya upande wa amplifaya. Banua waya wa katikati uliochomewa kwenye pini. Kati ya waya huo na pini weka 6.8. Kutoka kwenye pini kwenda kwenye ganda la nje, yaani ardhi, weka 3.3. Waya wa ardhi unabaki ulivyo. Vika rezista mirija ya plastiki ili zisigusane, kisha rudishia kifuniko. Amplifaya nyingi zina ukinzani wa kilo-omu 47 mlangoni, na kwa hizo kipunguzi hiki kinashusha desibeli 10 karibu sawasawa. Nobu yako itahama kutoka karibu na 8 kwenda karibu na 10.

Kosa la kawaida ni kugeuza mpangilio, ile 3.3 ya kwenda ardhini ikakaa upande wa CD na 6.8 ikafuata. Sauti haipungui hata desibeli 2 na utadhani tumekudanganya. Kosa la pili ni kutumia rezista za asilimia 10 zilizookotwa kwenye redio kuukuu. Utakuwa umeondoa tofauti ya nobu na kuweka ya kwako. Kipunguzi hiki kisiwekwe kwenye waya wa santuri, na kamwe kisiwekwe kwenye waya wa spika.

Sabufa inalala katikati ya wimbo

*Nimeongeza sabufa ya inchi 8 kwenye spika zangu. Sauti ikiwa ya chini inajizima baada ya dakika kadhaa, taa inakuwa nyekundu. Nikipandisha inaamka kwa mshindo. Je, ni mbovu?* (Msomaji, Mwanza)

Si mbovu. Imewekwa AUTO: inasubiri umeme fulani kwenye waya, na usipoupata kwa dakika 15 au 20 inadhani umetoka. Usiku waya unabeba milivolti chache tu. Kama nyuma kuna swichi, ipeleke ON na uizime mwenyewe ukienda kulala.

Kama haina swichi hiyo, badilisha mgawanyo wa kazi. Punguza nobu ya sabufa yenyewe hadi robo, kisha pandisha kiwango cha tundu la sabufa kwenye amplifaya kwa kadiri ile ile. Sauti inabaki sawa, lakini waya sasa unabeba umeme wa kutosha kuiweka macho. Kama sabufa ina matundu ya spika (yale ya kubana waya mtupu), ni bora zaidi: vuta nyaya kutoka matundu ya spika ya amplifaya. Hata kwenye mia moja ya wati, spika ya omu 8 inapata milivolti karibu 280, na hizo sabufa haiwezi kuzikosa. Ila kama amplifaya yako ni kile kiboksi kidogo cha Class D (aina ya amplifaya inayowasha na kuzima umeme kwa kasi), uliza kabla ya kufunga. Vingi vina umeme hai hata kwenye tundu hasi la spika, na sabufa ikiunganisha hasi za kushoto na kulia kuwa moja, unaunguza chipu.

Ukishapata inayokesha, weka masafa ya kukatia (pale sabufa inapowaachia kazi spika) kwenye hezi 80, cheza mlio wa hezi 80 (programu za simu za kutoa milio zipo bure), kaa kitini, mwenzako ageuze swichi ya PHASE kati ya 0 na 180. Iache pale inapolia zaidi. Kwa usiku iongeze desibeli 3 au 4 juu ya kiwango cha mchana.

Kiboksi kinafanya shshsh

*Nimejengea amplifaya yangu kwa bodi ya TPA3116 na adapta ya volti 12. Muziki ukiwa juu husikii kitu, lakini usiku kuna shshsh kwenye twita na wakati mwingine chirichiri nikitumia Bluetooth. Nafanyaje?* (Msomaji, Nakuru, Kenya)

Una maradhi mawili na kila moja lina dawa yake. Chomoa waya wa muziki, zima Bluetooth, shusha volyumu hadi mwisho. Shshsh ikibaki palepale, inatoka kwenye chipu, yaani hiyo TPA3116. Ikipotea, kisha ukirudisha chanzo inarudi na kubadilika ukizungusha nobu, inatoka kabla ya nobu, yaani kwenye chanzo.

Chipu hiyo inaweza kukuza kwa desibeli 20, 26, 32 au 36, na kadiri inavyokuza muziki ndivyo inavyokuza na mchanga wake. Waliounda bodi hupenda 26 au 32 ili mnunuzi asikie kishindo dukani. Wewe unataka 20. Kiwango kinaamuliwa na rezista mbili kwenye mguu ulioandikwa GAIN/SLV katika karatasi ya chipu: moja inakwenda ardhini, nyingine inakwenda kwenye GVDD, mguu wa umeme wa ndani wa chipu. Kwa 26, ya ardhini ni kilo-omu 20 na ile nyingine 100. Kwa 32 ni 39 na 100. Ili upate 20, toa ile inayokwenda GVDD uache wazi, na ya ardhini iwe 5.6. Chipu inasoma kiwango inapowashwa tu, kwa hiyo zima, ngoja kapasita zimalize umeme, ndipo uwashe. Rezista ni zile ndogo kama punje ya mtama. Kama hujawahi kuzichomea, mpelekee fundi simu, yeye anazishika kila siku. Chanzo cha volti 1 bado kitaisukuma hadi mwisho wa uwezo wa adapta yako ya volti 12, yaani wati 8 au 9 hivi kwa spika ya omu 8, kwa hiyo hata sherehe ndogo inawezekana.

Faida ya pembeni: kwenye 20 mlango wa chipu una ukinzani wa kilo-omu 60, wakati kwenye 36 ni 9 tu, na nobu ya kilo-omu 50 iliyo mbele yake inafanya kazi vizuri zaidi ikikutana na 60.

Chirichiri ni habari nyingine. Kipande cha Bluetooth na amplifaya vinakula sahani moja, na umeme wa kudonoadonoa wa Bluetooth unarudi kwenye ardhi ya muziki. Kwenye waya wa volti 5 unaolisha Bluetooth weka kipande cha B0505S cha wati 1. Kinapokea volti 5 na kutoa volti 5, ila ardhi mbili zinatenganishwa. Hasi ya upande wa kutoka isiunganishwe na hasi ya adapta, la sivyo umefanya kazi bure. Ardhi ya Bluetooth iende kwenye amplifaya kupitia waya wa muziki pekee.

Na kama unachaji simu kwa umeme huo huo wa volti 12 huku simu ikicheza kwa waya, acha. Tumia chaja ya pembeni. Usijaribu kukata mguu wa ardhi wa plagi ili kuondoa mvumo; mvumo utaondoka, na kinga yako pia.

Sinema: milio inashtua, maneno hayasikiki

*Tunaishi ghorofani, kiyoyozi hakizimwi. Usiku tukitazama sinema kwa sauti ndogo, maneno hayaeleweki, halafu mlipuko mmoja unaamsha jengo zima.* (Msomaji, Muscat, Oman)

Kwenu ushauri wa Tabata unageuka. Besi punguzeni desibeli 4 hadi 6, trebo ongezeni 2 au 3. Maneno yanaeleweka kwa konsonanti, t, s, f, k, na hizo ziko juu, hezi 2,000 kwenda mbele, wakati kiyoyozi kinafunika zaidi huku chini. Safisheni vichujio vya kiyoyozi. Vikiziba, feni inapiga kelele zaidi kwa hewa ile ile.

Ndani ya programu ya sinema chagueni sauti ya stereo mahali pa 5.1 (sauti iliyogawanywa kwa spika tano na sabufa). Katika 5.1 maneno yamewekwa kwenye spika ya kati ambayo ninyi hamna, na televisheni ikiyachanganya kuingia kwenye spika mbili mara nyingi yanatoka yamefifia. Halafu washeni hali ya usiku, kwenye televisheni au risiva, iliyoandikwa NIGHT au DRC. Inainua minong'ono na kubana milipuko. Wenye risiva za Denon au Marantz zenye Audyssey (mfumo wa kurekebisha sauti kulingana na chumba), hakikisheni Dynamic EQ iko ON kwa sinema. Mkisikiliza muziki, wekeni Reference Level Offset kwenye 10 au 15, kwani 0 imekusudiwa sinema na itawamwagia besi.

Spika za mtumba, na waya

*Nimeona spika kubwa za mtumba, wufa inchi 8, za miaka ya 80, bei nzuri. Zinafaa kusikiliza polepole? Na ni kweli lazima ninunue waya mnene wa bei kubwa?* (Msomaji, Unguja)

Zinafaa sana, kuliko vingi vipya vya bei hiyo. Wufa ya inchi 8 ndani ya boksi kubwa inashuka hadi hezi 45 au 50 bila kulazimishwa, na usiku hizo ndizo unazotafuta. Lakini nenda dukani na mita na betri ya volti 1.5.

Toa kitambaa cha mbele. Gusa ukingo unaoshikilia wufa: ukiwa wa mpira au kitambaa, vizuri, ukiwa wa sponji na unabaki kidoleni kama makombo ya mkate, umekwisha. Sponji ya miaka hiyo imekwisha popote, na joto na unyevu wa pwani haukuisaidia. Kubandika ukingo mpya kunawezekana, basi bei ishuke. Tandaza vidole vitano, sukuma wufa taratibu ndani: ikikwaruza, koili inagusa sumaku, iache. Twita usiiguse. Pima kwa mita: spika ya omu 8 huonyesha 5.5 hadi 7, ya omu 4 huonyesha 3 hadi 3.5. Ikionyesha OL au 1 tu, koili imekatika. Gusisha betri, chanya kwa chanya, sekunde moja: wufa itoke nje. Fanya hivyo kwa zote mbili. Moja ikiingia ndani, kuna fundi aliyegeuza nyaya, na spika mbili zinazovutana hivyo zinafutana besi.

Waya: wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Mita 4 za huo, kwenda na kurudi, hazifiki kumi moja ya omu. Unene usikuhangaishe; hangaika na madini. Kabla ya kulipa, kwangua ncha kwa wembe: ndani ikiwa nyekundu nunua, ikiwa nyeupe ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie mwenyewe.